Bendera ya Nguzo ya Pili

Kepteni,

Nakuita Kepteni sababu jina lako silijui, na mtu asiyenijua ndo mtu pekee ninayeweza kumwonyesha barua hizi. Wanaonijua hapa Mbeya wangeshachagua upande kabla hata ya kumaliza ukurasa wa kwanza.

Mimi ni Jailos, wa Uyole, natengeneza ndege. Usicheke. Ndege ndogo, mabawa yake upana wa mikono yangu nikiinyoosha, mwili ni lile povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya TV, waya za mkia ni spoko za baiskeli, betri nazitoa kwenye laptop zilizokufa. Hakuna aliyenifundisha, labda simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Na tunazishindanisha. Mnarusha wawili, mnazunguka nguzo tatu raundi kumi, anayevuka mstari wa kwanza ndo kashinda. Sharti ni moja tu: upite nje ya nguzo. Ukipita ndani umekata, na ukikata umepoteza hata kama umemwacha mwenzio kijiji kizima.

Sasa wewe mwenye rimoti umesimama huku, nguzo ya pili iko hatua mia mbili kule. Kwa macho huwezi kujua ndege imepita nje au ndani. Kwa hiyo kila nguzo ina mtu wake na bendera mbili, nyekundu yangu, njano ya mwenzangu. Ndege ikikata, bendera yake inapanda. Isipopanda, umepita safi. Mwisho mtu wa nguzo anasaini karatasi kwamba raundi zote kaziona.

Tarehe nane Juni mwaka huu ilikuwa fainali, kule Chunya, kwenye tambarare la vumbi nyuma ya mabanda ya tumbaku. Mimi na Benjamini Mwansasu. Nguzo ya pili alisimama dada yangu Sekela, mtoto wa mama mkubwa, tumekula sahani moja tangu alipotoka Tukuyu kuja kusoma kwetu. Hakuna aliyelalamika kwamba ni ndugu yangu, maana mwaka jana alinipandishia bendera mara mbili siku moja na nyumbani nikakataa kuongea naye mpaka Jumatano. Ndo alivyo. Raundi ya kumi nguzo ya pili tulipita pamoja, bendera haikupanda, nikamzidi Benjamini kwa urefu wa pua. Nikatangazwa. Mshindi anaenda Arusha Desemba kushindana na wa mikoa mingine.

Jumatatu yake Sekela akapanda basi kwenda Iringa, chuo cha masista, ualimu wa chekechea. Simu marufuku, barua tu. Hizi hapa, zote, na zangu nilikuwa nabaki na nakala.

*

Uyole, Mbeya
23 Juni 2024

Dada Sekela,

Ugonile. Umefikaje? Sisi huku wazima, mama goti lake lilelile, baridi ikija linaijua kabla ya redio. Kuku wako mweupe katotoa tisa, mwewe kachukua wawili, nimejaribu kumfukuza kwa ndege yangu ya zamani, mwewe akaja kuiangalia kwa karibu kama anataka kuuliza bei. Bibi Tukuyu anasema umesahau kurudisha kanga yake ya kijani. Nikamwambia dada hasahau, kaiba.

Cheti changu mama kakitundika sebuleni, juu ya kalenda ya kanisa. Kila anayeingia lazima asomewe.

Sasa dada, kuna maneno. Pale kwa Fundi Anord, mwenyekiti wetu, wakija kutengeneza redio wanakaa wanachambua fainali. Kuna wanaosema nguzo ya pili raundi ya kumi nilikata. Wengine wanasema Benjamini ndo alikata. Benjamini mwenyewe anakunywa soda yake tu. Mimi nawaambia mtu wa nguzo kasaini, mnataka nini tena.

Niandikie neno moja tu dada. Nje au ndani. Moja tu, nikawaonyeshe.

Mdogo wako,
Jailos (Bingwa)

*

Iringa
14 Julai 2024

Jailos mdogo wangu,

Kamwene. Huku ndivyo wanavyosalimiana, na wewe ukisalimiwa unaitika hivyohivyo kamwene, kwa hiyo wiki ya kwanza nilidhani wananirudishia tu ninachosema.

Nimefika salama. Baridi ya hapa si kama ya kwetu, ya kwetu ina mvua, hii ni kavu, inapasua midomo. Tunaamka saa kumi na moja, tunafagia, tunasali, tunaimba nyimbo za watoto na vitendo vyake, wanawake wazima tunaruka kama vyura. Rafiki yangu anaitwa Bertha, ni wa Mbeya pia, kwao Iyunga, anakoroma lakini ana roho nzuri. Wiki iliyopita walitupeleka Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa. Nimeliona lile fuvu. Nilidhani nitaogopa, nikajikuta tu nalionea huruma, limesafirishwa sana.

Barua zetu zinafunguliwa na Sista Severina, mlezi wetu, zinazoingia na zinazotoka. Anakusalimia. Anasema mwandiko wako ni kama kuku kapita kwenye wino.

Mwambie mama mdogo apake mafuta ya nazi ya moto kwenye goti. Kanga ya bibi ninayo, sikuiba, nilivaa siku ya safari.

Mambo ya nguzo, nilisaini karatasi. Karatasi anayo Fundi Anord. Muulize yeye.

Dada yako,
Sekela

*

Uyole
11 Agosti 2024

Dada Sekela,

Kamwene basi, kama ndo umekuwa Mhehe. Ugonile pia, usije ukasahau kwenu.

Usinune kwa kuchelewa. Nilikuwa Madibira wiki mbili kwa mjomba, alinililia kwelea wanamaliza mpunga wake wa mwisho mwisho, nikaenda na ndege mbili. Siku ya kwanza wakakimbia wote, wanawake mashambani wakapiga vigelegele, nikajiona waziri. Siku ya pili wakakimbia nusu. Siku ya tatu wakaizoea, wanaipisha wanaendelea kula. Mjomba akasema rudi kwenu na mdoli wako. Nimerudi na gunia la mchele lakini, sikudhulumiwa.

Halafu nikapita Tukuyu kumwona mama mkubwa. Mzima, anakusalimia sana. Ana ng'ombe mpya zizini, jike, rangi kama chai ya maziwa. Nikamuuliza huyu katoka wapi. Akanijibu, "Ana miguu minne, kaja mwenyewe." Nikamuuliza bibi, bibi akajifanya hasikii, na juzi alinisikia nikifungua sufuria nikiwa jikoni na yeye yuko shambani. Kuna nini huko kwenu?

Sasa ya nguzo. Umeniambia nimuulize Anord. Nimemuuliza, kanionyesha karatasi, sahihi yako ipo, "raundi zote safi". Sawa. Lakini Gloria, yule wa kupiga filimbi na kushika saa, kaniambia kitu mpaka sasa kichwa kinazunguka. Anasema raundi ya kumi aligeuka kuangalia nguzo ya pili akakuona umechuchumaa nyuma ya pipa la maji, umejifunika kanga kichwa kizima, kama mtu anayeumwa tumbo. Nikamwambia uongo. Akasema, "Muulize mwenyewe, mimi nina faida gani."

Dada, unaumwa? Au una mimba? Sista Severina samahani kama unasoma hapa, lakini ni dada yangu na lazima niulize.

Na kuna lingine. Benjamini kaniletea betri mpya. Bure. Kafika nyumbani, kamsalimia mama kwa kuinama kabisa, kakaa, kaniambia, "Chukua, za Arusha hizi, zako zimechoka." Mtu niliyemshinda ananiletea betri. Nimezipima mara tatu nikitafuta kasoro. Nzima. Sielewi mtu wa namna hii, angenitukana ningejua pa kuanzia.

Nijibu haraka.

Jailos

*

Iringa
1 Septemba 2024

Jailos,

Shikamoo kwa mama mdogo. Mimi mzima.

Barua yako Sista Severina alinisomea yeye, kwa sauti, nimesimama mbele ya meza yake. Alipofika kwenye neno lile alivua miwani. Nimehojiwa mpaka maharage ya mchana yakaungua, na zamu ya jikoni ilikuwa yangu, kwa hiyo nimepata adhabu mbili. Wenzangu sasa wananiita Mama Kijacho.

Sina mimba. Siumwi. Usiandike tena kitu kama hicho kwenye karatasi. Wewe mdomo wako hauna breki na sasa mkono wako umeiga.

Ng'ombe wa mama ni wa mama. Betri umepewa, sema asante.

Kuhusu nguzo nakuuliza mimi sasa. Ushindi ni wako. Cheti kiko ukutani. Karatasi ina sahihi. Benjamini halalamiki. Anayeuliza ni wewe tu, barua ya pili hii. Mshindi gani anauliza hivyo?

Sekela

*

Uyole
15 Septemba 2024

Dada yangu,

Ugonile, na nisamehe. Mama kanisema wiki nzima. Kasema, "Masista wanamfundisha mwenzio adabu, wewe umemtumia tope kwenye bahasha." Nimekubali. Sista Severina naye nisamehe, najaribu hata mwandiko leo, ona herufi zinavyosimama.

Habari za nyumbani: viazi tumechimba, vizuri. Kuku wako wamebaki sita. Mama goti limetulia, yale mafuta yamemsaidia, au jua.

Umeniuliza mshindi gani anauliza hivyo. Nimekaa nalo. Nimeanza kukujibu nikachana, nikaanza tena nikachana, ukiona karatasi hii imepasuka kona ndo sababu, daftari limekwisha.

Si unajua form four nilipata nini. Ziro. Siku ile matokeo yametoka mama hakunigombeza, alipika tu ugali akaniwekea kipande kikubwa cha nyama, na mimi ningependa angenipiga. Tangu hapo hakuna karatasi yoyote yenye jina langu iliyosema huyu kaweza. Hii ya Chunya ndo ya kwanza. Nikiamka asubuhi naiangalia kabla sijanawa. Naiangalia, halafu nawaza raundi ya kumi, halafu chai hainyweki.

Na muda unakwenda. Majina ya Arusha Fundi Anord anayafunga Jumamosi tarehe thelathini Novemba saa nne. Baada ya hapo hakuna kubadilisha.

Neno moja, dada. Nje au ndani.

Jailos

*

Uyole
13 Oktoba 2024

Dada Sekela,

Ugonile. Wazima wote. Mwezi sasa hujaandika. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika.

Benjamini kaja tena. Kamsaidia mama kubeba magunia. Mama kasema, "Kijana wa watu ana adabu." Akanitazama mimi.

Jailos

*

(Kepteni, hiyo nayo haikujibiwa kwa wiki tatu. Barua inayofuata haikupitia kwa Sista. Bertha, yule rafiki yake, alipewa ruhusa kuja kwao Iyunga kumuuguza shangazi, akaibeba ndani ya Biblia.)

*

Iringa
3 Novemba 2024

Jailos mdogo wangu,

Ugonile. Shikamoo kwa mama mdogo, mwambie kanga ya bibi nitairudisha Krismasi na nimeifua. Watoto wa mazoezi wananipenda, kuna mmoja anaitwa Apolonia ana miaka minne, hataki kukaa kwa mtu mwingine, ananiita Mwalimu Sekelela na siku hizi naitika.

Hii anakuletea Bertha mkononi. Isome peke yako.

Nimechumbiwa. Mshenga alifika kwa mama mwezi wa tano. Ng'ombe unayemuuliza ni wa uchumba wangu. Mchumba ni Benjamini.

Usiruke kwanza, endelea kusoma.

Hukuambiwa kwa sababu mbili. Moja, mdomo wako. Pili, chuo hiki hakichukui aliyechumbiwa. Mama alisaini kwamba sijachumbiwa, na wakati anasaini ng'ombe alikuwa anakula majani nje ya dirisha. Alisema nimalize kwanza mwaka, ndipo watu waambiwe. Mimi nikakubali, maana chuo nakitaka, na Benjamini namtaka.

Sasa Chunya. Wewe umekulia mjini lakini Tukuyu unaijua. Ng'ombe akishaingia zizini, baba wa mume ni mkwe wako, humtazami usoni, hamkutani njia moja. Ukimwona anakuja unatoka, huna pa kutokea unajificha, unajifunika. Siku hizi wa mjini wanasalimiana na wakwe zao, wanapiga nao picha. Kwetu bado. Mama alinifundisha wiki ile ile, akanifanyisha mazoezi uani, bibi akiwa ndiye mkwe, na koti la babu. Tulicheka mpaka bibi akakaa chini.

Siku ya fainali Mzee Mwansasu alikuja kumwona mwanawe. Hakuna aliyeniambia atakuja, na yeye hakuna aliyemwambia niko nguzo ya pili. Si mtu wa kukaa kwenye umati. Akatokea upande wa mabanda ya tumbaku, na koti lake la kanisani, anakuja moja kwa moja kwangu. Chunya unaijua, pale hakuna kichaka, hakuna nyumba, ni vumbi tu na mimi na refleta ya machungwa ya bodaboda niliyovaa mnione. Mwili ulijua kabla yangu. Nikarusha refleta chini, nikachuchumaa nyuma ya pipa, nikavuta kanga kichwani. Nikasikia ndege zinapita juu yangu, moja halafu nyingine, zimeshikana. Sikuona. Mzee naye alipotambua ni mimi akageuza uso akazunguka mbali. Nilipoinuka mlikuwa nguzo ya tatu na watu wanapiga kelele.

Halafu Fundi Anord akaleta karatasi na kalamu. Ningesema sikuona, angeuliza kwa nini. Ningesema kwa nini, uwanja mzima ungejua mtu wa nguzo ni mchumba wa mmoja wenu. Nikasaini.

Kwa hiyo lile neno moja sina. Miezi yote hii unadhani nakuficha. Sina cha kuficha, ni giza la kanga tu.

Benjamini anajua. Baba yake alimwambia jioni ile. Ndiyo sababu hajalalamika. Akilalamika, lazima niitwe. Nilimuuliza kabla sijasafiri, inamuuma? Akasema, "Ndege nitatengeneza nyingine."

Sekela

*

Uyole
10 Novemba 2024

Dada,

Ugonile. Mama mzima. Hajui kitu, usiogope, hata mimi breki zimeshika safari hii.

Bertha kanipa barua jana. Nimeisomea chooni maana ndo mlango pekee wenye komeo. Kwanza nikakasirika kwamba hamkuniambia. Halafu nikafurahi kidogo, maana Benjamini ni mtu. Halafu nikakumbuka betri, nikaona aibu mpaka masikio.

Umeniuliza mshindi gani anauliza hivyo. Nakujibu.

Nilikuona. Yaani, nilikuona haupo. Tunaingia raundi ya kumi, naangalia nguzo ya pili kama kawaida natafuta lile doa la machungwa la refleta yako, halipo. Limezimika kama taa. Sikuwaza umeumwa wala umeanguka, dada, hilo ndo linaniuma kuliko yote. Niliwaza kitu kimoja: hakuna anayeona. Na kidole gumba kikasukuma kijiti cha rimoti kabla ya wakati, ndege ipinde ndani. Benjamini alikuwa mbele yangu kidogo. Tulipotoka kwenye kona nilikuwa mbele yake kidogo.

Sasa kama nilipita ndani, kweli kabisa, sijui. Ule upepo wa Chunya siku ile ulikuwa unasukuma nje, kila raundi nilikuwa nalipia hatua tatu nne kwenda ndani. Inawezekana nilitaka kukata na upepo ukanikatalia. Nimeichora kwenye daftari mara mia, na vipimo. Nusu ya michoro inapita nje, nusu ndani. Mtu akitaka kuiba, akaingiza mkono mfukoni, akakuta mkono umeishia hewani, huyo ni mwizi? Muulize Sista Severina, bila kumwambia nani.

Barua zote zile nilikuwa siulizi nijue. Nilitaka useme "nje", halafu mimi nikuamini wewe kuliko kidole changu.

Ndo hivyo. Niambie nifanye nini, wewe ndo mkubwa.

Jailos

*

(Barua hiyo sikuweza kuipitisha kwa Sista. Nikampa kondakta wa basi, aishushe Ipogolo kwa Mama Faustina, muuza vitunguu, ambaye Sekela humpitia Jumapili akienda kanisani. Nikasubiri. Ikaja barua hii hapa, kaileta mgeni aliyekwenda Iringa kumtembelea Bertha.)

*

Iringa
17 Novemba 2024

Jailos mdogo wangu,

Ugonile. Sijapata neno kutoka kwako tangu Bertha aje huko. Leo Jumapili nimepita kwa Mama Faustina, meza yake imefunikwa turubai, wanasema yuko msibani Kilolo. Labda uliandika, labda hukuandika. Labda umenuna, na una haki.

Nimefikiri mwenyewe basi. Kila asubuhi nawaimbisha watoto ule wimbo wa kusema kweli, na vitendo vyake, mkono kifuani. Apolonia ananiangalia mdomoni nikiimba. Siwezi tena.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Fundi Anord. Sijaigundisha. Nimeandika kwamba raundi ya kumi sikuona, kwa nini sikuona, mkwe wangu ni nani, na kwamba sahihi yangu haifai. Nimeandika pia kosa lote ni langu, Jailos hana kosa, alirusha ndege yake kwa haki akinitegemea mimi. Hilo nimelipigia mstari.

Habari ikitoka kwa Anord itafika hapa, wa Mbeya hapa chuoni si Bertha peke yake. Watanirudisha nyumbani. Nimeshajua, nimeshalia, yamekwisha.

Ukiipeleka kabla ya tarehe thelathini, sawa. Usipoipeleka nenda Arusha, ushindane vizuri, na sitakuuliza kamwe. Kile cheti nakijua kilivyo kwako. Nilikuwepo siku ya ile nyama.

Dada yako,
Sekela

*

Kepteni, sasa sikiliza.

Jana Alhamisi kondakta kaniita stendi. Kanipa bahasha yangu, ina doa la oili na alama ya kiatu. "Dogo, yule mama vitunguu hayupo wiki ya tatu, nimeizungusha Ipogolo mpaka nimechoka. Chukua mzigo wako." Ile ya tarehe kumi. Haijafunguliwa. Kwa hiyo Sekela aliandika kwamba sina kosa bila kusoma kwamba ninalo. Na kapigia mstari.

Leo Ijumaa. Kesho saa nne majina yanafungwa. Mezani nina barua mbili na kichwa kimoja.

Nikipeleka ya Sekela, Anord atafuta matokeo, tutarudia mbio, watu watanipa pole, watasema maskini Jailos kaponzwa na dada yake. Na yeye atashuka basi na sanduku, mchumba wa mtu, mwongo wa masista, kwa kosa ambalo nusu yake nimelala nalo mimi. Nikipeleka yangu, swali la kwanza la Anord litakuwa, "Na Sekela alikuwa wapi?" Tunafika palepale. Nikijitoa tu, niseme naumwa, Arusha anakwenda Benjamini na chuo cha dada kinabaki. Ila nilimjaribu Benjamini jana kwa mbali, nikamwambia mimi Arusha sijisikii, we nenda. Akaweka soda chini. "Nafasi ya mtu siendi nayo," kasema. "Labda uniambie kwa nini." Nikamwambia mafua.

Na nikienda? Nikienda naenda na betri zake.

Mama yuko sebuleni, kaja jirani, Mama Evarista, namsikia anamsomea cheti. Kafika kwenye jina langu, anarudia mara mbili kama kawaida yake. Ndege iko ukutani, nyekundu, nimeipaka rangi upya, mkia naugusa unageuka vizuri kabisa. Gundi ya bahasha ninayo hapa.

Wewe hunijui, humjui Sekela, Chunya labda hujawahi kukanyaga, na siku ile hukuwepo, kwa hiyo hukuona, kama wengine wote. Saa nne asubuhi natakiwa niwe mlangoni kwa Fundi Anord, na mikononi niwe na kitu au nisiwe nacho.

Kepteni, ungekuwa wewe, ungebeba ipi?